Inchi nne na matairi ya 35: kisa cha mkonga mmoja Njiro

Alikuja Aprili, masika yamepamba moto, wiki zile ambazo magari mengi ya utalii hapa Arusha yako juu ya mawe yanangoja msimu ufunguke. Ni dereva aliyeendesha magari ya watu miaka tisa, akajinyima hadi akanunua lake la kwanza: Land Cruiser mkonga, HZJ78, injini ya 1HZ, limerefushwa na kuwekewa viti saba na paa la kufunguka. Alinipa shikamoo, hakukaa, akatoa simu na kunionyesha picha ya mkonga mwingine umesimama juu sana, matairi yamejaa hadi kwenye madigadi.

"Fundi, nataka hivi. Inchi nne juu, matairi ya 35."

Nilimuuliza kimemsibu nini. Akasema Ndutu, kule kusini mwa Serengeti. Februari, nyumbu wanazaa, mvua ilinyesha mchana, na saa 10 jioni gari likakaa kwenye udongo mweusi. Wageni sita ndani. Alichimba, akaweka matawi, akatia gia nzito, likazidi kuzama. Wageni walichukuliwa na gari la mwenzake, yeye akavutwa saa 2 usiku. Mteja aliyemletea hao wageni hakumpigia tena simu. Kwa mtu mwenye gari moja na mkopo, jioni hiyo si hadithi ya porini, ni riziki ya watoto. Ndiyo maana sikumcheka, wala sikumwambia picha za kwenye simu zinadanganya. Nilimwambia aliache gari siku mbili, nilipime kwanza.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lake naletewa karibu kila masika, na kila mara mtu anakuja na jibu mkononi kabla ya kujua gari lake linaumwa nini.

Nilianza chini ya gari. Tope la Ndutu lilikuwa bado limekaukia pale, na tope halisemi uongo. Kwenye difu ya nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) lilikuwa limesuguliwa hadi chuma kinang'aa upande wa mbele, kama jembe lililolimia. Chasisi ilikuwa na vumbi tu, haijaguswa. Ngazi za pembeni nazo safi. Maana yake tumbo la gari halikugusa ardhi. Kilichogusa ni difu: magurudumu yamezama kwenye mitaro miwili, katikati umebaki mgongo wa udongo, difu ikaupanda na kuubeba uzito wote.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela zao, na nitasema polepole. Kwenye gari lenye ekseli nzima kama hili, difu imefungwa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye magurudumu. Ukiweka springi ndefu unanyanyua chasisi, bodi, wageni na friji yao. Difu inabaki palepale. Unaweza kunyanyua gari inchi nne, ukapiga picha nzuri, na difu yako ikalima mgongo uleule wa Ndutu kwa kina kilekile. Kitu pekee kinachoinua difu kutoka ardhini ni tairi, na nalo linainua kwa nusu tu ya lilivyoongezeka kipenyo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Nikalala chini na tepu. Kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya difu: sentimita 21 na nusu. Nikamwita achungulie mwenyewe, akalala kwenye sakafu ya gereji na shati lake safi, akaisoma namba kwa sauti.

Halafu nikasoma ubavu wa tairi: 265/70R16. Hesabu yake ni rahisi na kila mwenye gari anaweza kuifanya. Upana ni milimita 265. Ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani 185.5. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo 371. Jumlisha rimu ya inchi 16 ambayo ni 406. Kipenyo kinakuwa milimita 777. Sasa, mikonga mingi ya namna hii iliingia ikiwa na 7.50R16, lile tairi jembamba la mpira wa ndani, na kipenyo chake kinazunguka kwenye 805. Mwenye gari wa kwanza aliyatoa, akaweka rimu za inchi 7 na matairi mapana kwa sababu yanapendeza na yanatulia kwenye lami. Bila kujua, aliishusha difu karibu sentimita moja na nusu.

Kwa hiyo huyu kijana alikuwa anataka kunyanyua gari ambalo tayari lilikuwa limeshushwa, na bado sijafika kwenye springi.

Urefu wa springi haupimwi kutoka sakafuni, maana ukipima hivyo unachanganya tairi na springi. Unapima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Gari likiwa tupu, nyuma lilisoma sentimita 47. Lakini gari la utalii halifanyi kazi likiwa tupu, basi tukalipakia. Wageni hatukuwa nao. Tulichukua magunia matano ya mahindi, kilo 100 kila moja, tukayaketisha kwenye viti na kuyafunga kwa kamba, tangi likajazwa dizeli, friji ikajazwa maji, yeye akakaa kwenye usukani. Nyuma likashuka hadi 40 na nusu. Kati ya ekseli na ile raba inayozuia chasisi isigongane na chuma zilibaki sentimita 2 na nusu. Vidole viwili. Hiyo ndiyo nafasi ambayo wageni wake walikuwa wanasafiria kutoka lango la Loduare hadi Serengeti, kwenye changarawe iliyojikunja kama bati. Nilimuuliza kama gari linapiga nyuma. Akasema linapiga toka alinunue, alidhani ni shokapu.

Magunia yakiwa bado yamekaa, tukaenda kwenye mzani wa ghala la nafaka Unga Limited. Ukiomba vizuri wanakuruhusu kupandisha ekseli moja moja. Mbele kilo 1,320. Nyuma 2,060.

Namba hii ya nyuma ndiyo iliyonifanya niache kuzungumzia Ndutu kwa muda. Matairi yake ya 265/70 yalikuwa ya gari dogo la starehe, na ubavuni yameandikwa 112. Namba hiyo ni kipimo cha mzigo: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi. Mawili ya nyuma yanabeba 2,240. Alikuwa amebakiza kilo 180 kwa ekseli nzima, na hapo gari limesimama. Likiingia shimo kwa mwendo, tairi linabeba zaidi ya hapo. Na ili yasilegee alikuwa anayajaza upepo hadi PSI 48, juu kuliko matairi ya namna ile yanavyotakiwa kujazwa. Nilimwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo zile pasuko mbili za Agosti..." Sikuweza kumthibitishia kwamba ni hilo, maana matairi yenyewe hakuwa nayo tena. Lakini kama ningekuwa mimi, hilo lingekuwa la kwanza kulishuku.

Na ule upepo 48 ulikuwa sehemu ya kisa cha Ndutu pia. Alipokwama hakupunguza upepo. Aliona atapoteza muda, na hakuwa na pampu ya kurudishia. Tairi gumu lina alama ndogo ardhini. Ukilishusha hadi 25 au 28 linalala, alama inarefuka, uzito unatandazwa. Kwenye udongo mweusi uliolowa, hiyo peke yake pengine ingemtoa, au isingemwacha azame hadi difu. Kuongezea hapo, kashata za tairi, yale meno yake, zilikuwa zimebaki milimita 4.

Basi tukakaa kwenye benchi, chai ikaja, tukaanza kubishana juu ya ile picha yake.

Matairi ya 35, yaani ya kipenyo cha kama inchi 35, kwenye rimu ya 16 ni 315/75R16, kipenyo milimita 879. Difu ingepanda sentimita 5 kutoka ilipokuwa. Sikumficha, ni faida kubwa. Lakini ilibidi tuifuate hadi mwisho. 1HZ ni injini ya lita 4.2, silinda sita, haina tabo. Haiishi, na ndiyo sababu Arusha nzima inaipenda, ila haina nguvu ya kugawa bure. Tairi kubwa kuliko lake kwa asilimia 13 ni sawa na kurefusha kila gia kwa asilimia 13. Kreta ya Ngorongoro ina kina cha mita kama 600. Kupanda kutoka Lerai, kule chini ya kreta, na wageni sita ungekuwa unaitafuta gia ambayo haipo. Breki nazo zinashika gurudumu refu zaidi kwa nguvu ileile. Rimu za inchi 7 hazilifai tairi pana kiasi hicho. Ukikata usukani linakula mikono ya ekseli ya mbele. Na tairi la akiba lenye uzito ule, likining'inia kwenye mlango wa nyuma wa gari lililokwisha kurefushwa, litang'oa bawaba kwa zile barabara.

Kisha inchi nne zenyewe. Koili za mbele za mikonga hii, iliyokuja na koili kuanzia 1999, zikirefushwa ekseli inajizungusha kidogo na ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe inapungua. Kwa inchi mbili unairekebisha kwa bushi maalumu. Kwa inchi nne unahitaji mikono mipya, fimbo ya pembeni ya kurudisha ekseli katikati, paipu ndefu za breki, shokapu ndefu. Propela la gari lililorefushwa tayari limekatwa na kuungwa. Ukiliongezea pembe mtetemo unaanza na krosi zinakufa. Nilikuwa tayari kuyafanya yote hayo kwa mtu ambaye gari lake ni la michezo ya wikiendi. Kwa gari ambalo wageni wanasimama ndani, vichwa nje ya paa, likipita kwenye makorongo ya njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron likiwa limelalia ubavu, sikubali. Uzito unapanda juu pamoja na chasisi. Niliyasema hayo waziwazi, nikamwambia kama anaitaka inchi nne aende kwa fundi mwingine, tutabaki ndugu.

Alinijibu kitu ambacho nilikiheshimu. "Fundi, mimi sitaki inchi nne. Nataka nisilale Ndutu."

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya kuchagua.

Tairi tulianza na 285/75R16, kipenyo 834, difu ingepanda karibu sentimita 3. Nilivutwa nalo. Lakini nalo linataka rimu ya inchi 7 na nusu kwenda juu, lingesugua kwenye kona, na Karatu ukipasuliwa hulipati kirahisi. Tukaishia 235/85R16: jembamba, refu, kipenyo 806, linakaa kwenye rimu zake zilezile za inchi 7, na ubavuni limeandikwa 120, yaani kilo 1,400 kila moja. Ekseli ya nyuma ikapata uwezo wa kilo 2,800 badala ya 2,240. Difu ingepanda milimita 14 tu, na hapo alikunja uso.

"Milimita 14, fundi? Na yanafanana na ya baiskeli."

Nilimweleza kuhusu wembamba, na hapa najua mafundi wenzangu hawakubaliani nami wote. Udongo mweusi wa Ndutu mara nyingi, mvua ikiwa ya siku moja au mbili, umelowa juu na mgumu chini. Tairi pana linaelea kwenye uji, linakusanya tope mbele yake na kulisukuma kama trekta. Jembamba linakata uji na kukanyaga pagumu. Masika yakikolea, ugumu wa chini ukipotea, hoja yangu inakufa na tairi pana lina haki. Ila masika yakikolea hakuna wageni Ndutu. Upande wa Natron, kwenye mchanga na jivu la volkano ya Ol Doinyo Lengai, unachohitaji ni alama ndefu, na tairi refu lililopunguzwa upepo linakupa alama ndefu hata likiwa jembamba.

Springi tulizichagua kwa uzito, si kwa inchi. Hapa nilimwuliza swali moja: kilo ngapi hazishuki kwenye gari hili hata likilala nyumbani? Bodi iliyorefushwa, viti, paa, friji, bampa la chuma, tairi mbili za akiba. Hiyo ni mizigo ya kudumu, na springi za kiwandani hazikuijua. Nyuma tukaweka seti iliyotengenezwa kwa mzigo wa kudumu wa kilo 300 na zaidi, mbele koili nzito kidogo, na shokapu zinazolingana na urefu wake. Mtu mwenye mkonga wa familia asiige hili. Springi hizo kwenye gari tupu zinarusha nyuma kama punda na tairi linapoteza ardhi.

Magunia yaleyale yakarudi kwenye viti. Nyuma, likiwa limepakiwa, 45 badala ya 40 na nusu. Nafasi ya raba sentimita 7 badala ya 2 na nusu. Mbele lilipanda 4. Kwa maneno ya wenye maduka huo ni mnyanyuo wa inchi mbili kasoro. Kwa kweli, nusu yake ilikuwa kurudisha kilichokuwa kimelala. Difu nilimpa yeye tepu apime: sentimita 23 kasoro kidogo.

Tukaenda kujaribu kwenye lami, kutoka Kisongo kuelekea Makuyuni, magunia ndani. Mita ya mwendo ikionyesha 80, simu ilisema 78. Kwa matairi ya zamani ilikuwa inasema 75. Mita ilikuwa imerudi karibu na ukweli, na hilo si dogo kwa mtu anayehesabu kilomita za dizeli na anayeingia Serengeti ambako mwisho ni 50. Lakini usukani ulikuwa mwepesi mno, gari linatangatanga upepo wa lori ukipita. Hilo nililitegemea, bushi za kurekebisha pembe zilikuwa njiani. Tulipozifunga, likatulia.

Jambo ambalo sikulitegemea, na nilipaswa kulitegemea, lilikuwa breki. Nilikanyaga kwa nguvu kwenye kipande kitupu na pua ikazama kuliko kawaida. Nikasimama pembeni, nikashika rimu kwa kiganja. Za mbele zinachoma. Za nyuma vuguvugu. Kwenye mikonga hii kuna valvu ndogo juu ya ekseli ya nyuma, ina fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Kazi yake ni kusoma mzigo: gari likilala nyuma, inajua limepakiwa na kuzipa breki za nyuma nguvu; gari likiinuka, inadhani ni tupu na inazipunguza zisifunge. Sisi tumeinua gari, fimbo tumeiacha ilivyo. Valvu ilikuwa inaamini gari ni tupu, na nyuma zimekaa kilo 500 za mahindi. Nilifikiria teremko la Seneto la kushukia kreta, wageni sita, breki za mbele peke yake zikipikika hadi chini, na mikono ikanitetemeka pale kando ya barabara. Tulirudi gereji siku hiyohiyo, tukairekebisha fimbo kwa kadiri tulivyoinua, tukajaribu tena hadi rimu nne zikawa na joto la kukaribiana. Kijana alitaka kuniambia si kitu. Nilimwambia ni kitu, na sikumtoza siku ile.

Tangu hapo kila gari linaloinuliwa gerejini kwetu, hata sentimita 2, fimbo hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa ukutani.

Juni alienda Natron. Mchanga aliupita vizuri na upepo 26. Karibu na Engaruka jiwe lilipasua ubavu wa tairi moja. Alibadilisha, akaendelea akiwa na akiba ya pili tu, na Mto wa Mbu alipouliza 235/85 hakuna aliyekuwa nalo. 7.50 zilikuwepo mbili dukani, na fundi wa pancha akamwambia hizo angemzibia hata chini ya mti. Hilo ni doa la uamuzi wetu na sina cha kulifunika nalo. Nilitazama uwezo wa kubeba na rimu alizonazo, nikaipa uzito mdogo sana barabara ya kutoka Mto wa Mbu hadi mahali ambapo hakuna duka.

Februari iliyofuata alirudi Ndutu na wageni watano. Alinipigia jioni kutoka kambini. Mvua ilikuwa imenyesha, magari mawili yalikaa mbele yake, yeye alishuka kabla ya kuingia kwenye tope, akatoa upepo hadi 26 kwenye matairi yote manne, wageni wakimwangalia, akapita kando ya mitaro na gia nzito bila kukanyaga breki. Difu iligusa mara moja, aliisikia. Akatoka. Kisha akakaa nusu saa na pampu ndogo anarudisha upepo, na mgeni mmoja akamshikia tochi.

Wiki iliyopita alileta gari kwa sevisi. Springi za nyuma zimelala milimita 8 tangu tulipozifunga, ambayo ni kawaida. Kashata bado nzuri kwa msimu mmoja. Ameshaniuliza kama matairi haya yakiisha arudi kwenye 7.50 na rimu zake za zamani, ambazo mwenye gari wa kwanza bado anazo stoo kwake Sakina. Kipenyo ni kilekile, difu haitashuka, na pancha zitazibwa popote. Atapoteza utulivu kidogo kwenye lami. Mimi nimemwambia aende akazitazame rimu kama zina kutu kwenye mikanda yake, kisha tupime tena na mahindi.